Liache Zimwi Liingie: Ushauri kwa Wazazi Wanaoziogopa Hadithi za Ajabu

Swali huja kwa sura nyingi, ila ni lile lile. Mama anauliza kama ni vibaya kumsimulia mtoto wa miaka mitano habari za mazimwi. Baba anasema bintiye kazama kwenye vitabu vya wachawi wanaoruka kwa ufagio, na mtihani wa darasa la saba huo unakuja. Ustadhi wa madrasa anataka kujua awajibu nini wazazi wanaomlalamikia. Bibi anasikitika kuwa wajukuu hawamsikilizi tena, wanataka simu. Ukiwakusanya wote, wanachouliza ni hiki: hadithi za mambo yasiyokuwapo zinamfaa nini mtoto, na kama zinamfaa, nianzie wapi?

Zinamfaa sana, mradi uziache ziwe hadithi. Zikigeuzwa somo la adabu, hufa mdomoni. Hilo ndilo nitakalolirudia humu kwa njia mbalimbali. Nadharia nimeziacha, kwa kuwa hazimsaidii mtu aliyeketi ukingoni mwa kitanda saa mbili usiku huku mtoto akimwambia, "Nisimulie."

Hofu nne tuzimalize kwanza

*"Si uongo huo?"* Ni uongo, na mtoto huambiwa hivyo kabla hajavuka kizingiti. Msimulizi akiita "Hadithi, hadithi!", wasikilizaji huitikia "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Kwingine huwa "Paukwa!" na "Pakawa!" Wazee hawakuweka maneno hayo kwa mapambo. Yanamjulisha mtoto kwamba sasa tunaingia mahali ambapo paa anaweza kusema, na tukitoka huko paa atarudi kuwa paa. Kwa hiyo usiruke kianzio hata kama una haraka, na ukimaliza sema wazi kwamba hadithi imeishia hapo. Mtoto mdogo akikuuliza katikati, "Mama, ni kweli?", mjibu kwa utulivu: "Kwenye hadithi ni kweli." Wengi hutosheka. Asiyetosheka mwambie hakuna zimwi, kisha endelea ulipoachia.

*"Dini yetu hairuhusu."* Mimi si sheikh wala padri, na kwenye jambo la imani muulize wako. Lakini kabla hujakata shauri, watazame waliozitunga na kuzitunza hadithi hizi. Ibn Tufayl wa Andalusia, katika karne ya 12, aliandika kisa cha Hayy bin Yaqdhan, mtoto aliyelelewa na paa kisiwani. Karne nne kabla yake Ibn al-Muqaffa alikuwa amekwisha kuitia *Kalila na Dimna* katika Kiarabu, na humo mbweha wawili wanafanya fitina katika baraza la simba. C. S. Lewis, aliyetoa kitabu cha kwanza cha Narnia mwaka 1950, aliandika pia vitabu kadhaa vya kuutetea Ukristo. Na mkusanyiko maarufu wa ngano za Unguja, uliochapwa London mwaka 1870, ulikusanywa na Edward Steere, kasisi aliyekuja kuwa askofu. Watu hawa hawakuona kwamba mnyama akisema ndani ya hadithi imani imetikisika.

*"Haimo kwenye mtihani."* Haimo, lakini mtoto anayesikiliza hadithi kila wiki anajua kisa kinavyoanzishwa, kinavyofungwa, na tukio la tatu linavyotofautiana na la pili. Anajua maneno kama *akajikwaa*, *akanyatia*, *akaghadhibika* bila kuyakariri. Siku ya kuandika insha, mwenzake anahesabu maneno na yeye anahesabu nafasi iliyobaki kwenye karatasi. Hata hivyo usimsimulie kwa ajili ya insha. Akigundua hivyo, umeharibu.

*"Zitamtisha."* Hii ndiyo hofu yenye msingi, na inastahili kichwa chake.

Hadithi ya kutisha ni kitu kimoja, kitisho ni kingine

Zimwi lililomo hadithini lina mwanzo na mwisho: linatokea, linahangaisha, linazidiwa akili na mtoto au sungura, basi. Zimwi la "kula haraka, litakuja kukuchukua" halina mwisho. Linabaki nje ya dirisha usiku kucha, na aliyeliweka pale ni mama mtu mwenyewe. Wazazi wanaoniambia hadithi zimemtia mtoto woga huwa nawauliza kwanza kama zimwi hilo liliwahi kutumika wakati wa kula, kuoga au kulala. Mara nyingi hucheka kwanza, kisha wanakiri.

Yaepuke haya:

- Kutumia kiumbe cha hadithi kuamrisha. Kama unataka ale, mwambie ale.
- Kumsimulia uvumi kana kwamba ni hadithi. Habari za mumiani, za popobawa, za mtu aliyetoweka mtaa wa pili, wakubwa wenyewe huziamini nusu nusu, na mtoto hulisikia hilo katika sauti yako. Hazina kianzio wala mwisho. Ziache barazani kwa watu wazima.
- Kukatiza pabaya. Mtoto aliye chini ya miaka saba usimwache alale zimwi likiwa mlangoni. Limalize usiku huo huo, hata kwa kufupisha.
- Kulipunguza zimwi makali kupita kiasi. Kosa hili ni la wazazi wa kileo. Wanasimulia zimwi lililokuwa na njaa tu, likapewa wali, likawa rafiki wa kijiji. Mtoto anakutazama kwa mashaka, na ana haki, kwa sababu woga anao tayari: wa giza, wa kuachwa, wa mbwa wa jirani. Anataka kuuona ukishindwa. Ukimwondolea zimwi la kweli, umemwondolea na ushindi.

Ikitokea amekosa usingizi kwa sababu ya hadithi, usimhubirie kwamba mazimwi hayapo. Mwombe mchana wa kesho yake akusimulie yeye, na amalize atakavyo. Wengine hulitumbukiza kisimani, wengine huliozesha. Woga ukiendelea siku nyingi, weka kando hadithi za namna hiyo kwa miezi kadhaa, ule muda wenyewe wa kusimulia usiukatishe. Mpe sungura, mpe Abunuwasi, acheke.

Tuitazame hadithi moja kwa karibu

Katika ngano alizozikusanya Steere imo ya Mkaajikoni, mwana wa Sultani Majinuni. Naipendekeza kwa watoto wa kuanzia miaka saba. Kwa kifupi huenda hivi.

Sultani ana wana saba na mtende anaoupenda. Kila mwaka tende zikiiva, usiku anakuja ndege anazimaliza. Wana wakubwa wanalinda kwa zamu, mwaka baada ya mwaka, na wote usingizi unawachukua. Anabaki wa mwisho, kijana wa kukaa jikoni ambaye hakuna anayemhesabu. Yeye anachukua punje za kutafuna pamoja na changarawe. Usingizi ukimnyemelea, changarawe inagonga jino, anashtuka. Ndege akija anakuta mlinzi yu macho, anakamatwa.

Halafu sultani ana paka. Paka anakula ndama, watu wanakuja kushtaki, na sultani anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Anakula mbuzi, jibu ni hilo hilo. Anakula ng'ombe, punda, ngamia, kisha anakula watu, na sultani haoni shida yoyote, mpaka siku paka anapowala wanawe mwenyewe. Ndipo anapotambua kwamba huyu si paka tena, ni nunda mla watu. Mkaajikoni anaingia porini kumwinda. Nunda mwenyewe hamjui sura, kwa hiyo kila mnyama anayemuua anamburura hadi nyumbani kumwonyesha mama yake, na mama anamjibu kwa wimbo kwamba siye. Wanyama wanazidi ukubwa, mpaka anafikia yule mwenyewe.

Sasa namna ya kuisimulia:

1. Jibu la sultani waachie watoto. Likija mara ya tatu, nyamaza. Watalisema wao, kwa sauti ya kisultani.
2. Changarawe isikike. Tafuna hewa taratibu, fumba macho, kisha "kwaa!" Hapo ndipo mtoto aliyekuwa anasinzia naye anaamka.
3. Wimbo wa mama utungie sauti yako. Maneno mawili matatu yanatosha, mradi yarudi vile vile kila mara.
4. Wanyama wa porini wawe anaowajua mtoto. Kama ni wa Arusha, mpe twiga na nyati. Kama ni wa Lamu, anza na punda.
5. Usiharakishe mwisho. Nunda akifa, acha watu wa mji wachungulie kwanza kabla hawajaamini.

Zingatia pia usichofanya. Usieleze kwamba sultani ni mfano wa kiongozi asiyejali shida za watu mpaka zimfike yeye. Mjukuu wa jirani yangu, wa miaka minane, aliisikiliza hadithi hii, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na alipokula mtoto wa mtu, sultani alisema huyo mtoto ni wake?" Swali hilo halikuwekwa nyuma ya kitabu chochote. Angeshaelezwa maana, asingeuliza.

Acha kuuliza "hadithi hii inatufundisha nini?"

Najua ushauri huu utawaudhi walimu, na mimi nawaheshimu walimu. Shuleni swali hilo lina nafasi yake, mtaala unalitaka. Nyumbani lina madhara. Mtoto akishajua kwamba kila zimwi lina mtihani nyuma yake, hatasikiliza tena. Atakuwa anatafuta jibu. Atakwambia "inatufundisha tusiwe wachoyo" hata kama hadithi haikuhusu uchoyo, kwa sababu ameshaona jibu hilo hupendwa.

Chukua kisa cha Sultani Darai. Maskini anayepekua jalalani anaokota thumuni, ananunua paa. Paa huyo ana akili: anamtafutia bwana wake mke wa kisultani, anamuua nyoka wa vichwa saba na kumpa bwana wake nyumba ya nyoka huyo. Baadaye paa anaugua. Bwana, sasa tajiri, anaagiza apikiwe uji wa mtama mwekundu, chakula cha wanyama, na kusema kwamba paa mwenyewe alimnunua kwa thumuni tu. Paa anakufa kwa uchungu. Mwisho wa yote bwana anajikuta yuko kule kule jalalani, anapekua.

Nimewaona watoto wakilia kwa ule uji. Mzazi huona machozi akakimbilia kusema, "Umeona? Ndiyo maana tunasema asante." Tafadhali usiseme. Mtoto huyo yuko katikati ya jambo zito, na wewe unamrudisha kwenye meza ya chakula. Mkumbatie, kaa naye. Akitaka kusema, atasema.

Kama ni lazima uulize, uliza haya:

- Ungekuwa wewe paa, ungeondoka lini?
- Ni nani humu humpendi?
- Nyumba ya nyoka unaionaje, ina vyumba vingapi?
- Tukiisimulia kesho, tubadilishe wapi?

Na kama hataki kujibu, usimlazimishe.

Umri upi, hadithi ipi

Mtoto wa mwenzako wa miaka sita anaweza kuhimili kisa ambacho wako wa tisa hakiwezi, kwa hiyo mgawanyo huu uchukue kama mahali pa kuanzia tu.

*Chini ya miaka minne.* Sauti, marudio, wanyama wanaolia. Kisa kiwe kifupi kuliko uvumilivu wake. Kitabu chenye picha kubwa usikisome, kizungumzie.

*Miaka minne hadi sita.* Huu ndio umri wa sungura. Kile kisa chake na simba aliyejificha ndani ya nyumba, sungura akasimama nje kuiamkia nyumba mpaka simba akaitikia, hakijawahi kuniangusha. Tega na vitendawili kabla ya kuanza.

*Miaka saba hadi tisa.* Sasa leta nunda, paa, majini ya kwenye chupa, visa vya *Alfu Lela Ulela* vilivyochaguliwa. Nasisitiza vilivyochaguliwa: kitabu hicho hakikuandikiwa watoto, na yamo mambo ya chumbani na ya upanga. Kisome wewe kwanza. Katika umri huu unaweza pia kufanya alichokifanya Shahrazadi, msimulizi wa visa hivyo, kukata patamu ili kesho waje wenyewe. Ile tahadhari ya kukatiza inahusu wadogo.

*Miaka kumi na kuendelea.* Hapa wazazi wengi hudhani kazi imekwisha, wakamkabidhi mtoto vitabu vya kiada tu. Mpe *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952: ndugu wawili wenye husuda wanageuzwa nyani, na Adili, aliyetendewa ubaya nao, anaamriwa na jini awachape kila usiku ingawa moyo unamuuma. Mtoto aliyewahi kugombana na kaka yake hahitaji kufafanuliwa chochote hapo. Lugha ina uzito, msomeeni kwa kupokezana. Akifika kumi na mbili au zaidi, jaribu *Kusadikika* ya mwaka 1951, habari za nchi iliyoko angani. Wengi tuliisoma kwa ajili ya mtihani, tukasahau kwamba kwanza kabisa ni hadithi ya safari za ajabu. Mwonyeshe zile safari, kesi ya mshtakiwa Karama ataikuta mwenyewe.

Yule baba mwenye binti wa wachawi na ufagio namjibu hapa: mwache asome. Kama kitabu ni cha Kiingereza, anajifunza Kiingereza bila wewe kulipa tuisheni. Ongeza cha Kiswahili kando yake, usiondoe hicho. Ipo tafsiri ya Ida Hadjivayanis, *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu*, ya mwaka 2015, na mtoto anayejua Kiingereza hufurahi kuona Alisi akipotea kwa lugha ya nyumbani. Kuhusu mtihani, pangeni saa: masomo kwanza, kitabu baadaye. Kumnyang'anya kabisa kutamfanya asome chini ya shuka kwa tochi ya simu.

Kununua bila kujuta

Bei ya vitabu inauma, najua. Kabla hujatoa pesa, simama dukani ufanye hivi:

- Fungua ukurasa wa katikati, soma mistari mitano kwa sauti ya chini. Ulimi ukikwama, mtoto naye atakwama. Vitabu vingi vimetafsiriwa neno kwa neno, na Kiswahili chake hakuna mtu anayekisema.
- Tazama ukurasa wa mwisho. Kama hadithi imefungwa kwa mahubiri, na kuna kingine, chukua kingine.
- Tazama picha. Zimwi likichorwa kama katuni ya kuchekesha huku maneno yanasema linatisha, mchoraji hakuisoma hadithi.
- Maswali ya nyuma yasikukatishe tamaa. Yaruke tu.

Mkuki na Nyota na E & D Vision za Dar es Salaam wana vitabu vya watoto vya Kiswahili, na kwa Kenya angalia orodha za Longhorn na East African Educational Publishers. Wale wanaotandaza vitabu vya mitumba kando ya barabara usiwapite. Hazina nyingine hulala chini ya majarida ya zamani.

Kama hela hakuna, maktaba ziko. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ina maktaba mikoani, na Kenya kuna maktaba za taifa na za kaunti. Mwenye simu aingie African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, au StoryWeaver ya India: zote zina hadithi za watoto kwa Kiswahili, bure, na unaweza kuzipakua ukazichapa. Ubora haulingani, pitia kwanza. Hadithi mbili nzuri zilizochapwa kwenye karatasi za kawaida na kushonwa kwa uzi ni bora kuliko mtoto kushikilia simu, kwa sababu simu ina mambo mengine ndani.

Na katuni? Sizipigi vita. *Ubongo Kids*, inayotengenezwa Dar es Salaam tangu mwaka 2014, ina wanyama wanaosema kama ngano zetu. Atazame, kisha akusimulie kilichotokea huku televisheni imezimwa.

Rafiki asiyeonekana

Swali hili huniletea wazazi wenye hofu ya kweli. Mtoto ana rafiki ambaye haonekani, anamwachia nafasi kwenye mkeka, anamgawia chapati. Jirani ameshasema ni jini, na mtu wa kumsomea ameshatajwa.

Tulia. Watoto wengi wa umri wa miaka mitatu hadi saba hutunga marafiki, na wengi wao wanajua fika kuwa wamewatunga. Muulize jina lake, anapenda nini. Usimcheke mbele ya wageni, na usijifanye unamwona. Ukisema "Mimi simwoni, nieleze yukoje," umesema kweli na hujamvunja moyo.

Mpeleke kwa daktari au mshauri wa watoto ukiona:

- rafiki huyo anamtisha, au anamwamrisha ajiumize au aumize wengine;
- ameacha kucheza na watoto wenzake kabisa;
- usingizi, kula au tabia vimebadilika ghafla, hasa baada ya msiba, kuhama au tukio baya nyumbani.

Vinginevyo, rafiki ataondoka siku moja bila kuaga, na wewe ndiye utakayemkumbuka.

Kwa mlioko Muscat, London, Minneapolis

Malalamiko yenu huwa mamoja: watoto wanasikia Kiswahili, wanajibu kwa lugha nyingine. Hadithi za ajabu husaidia hapa kuliko vitabu vya sarufi, kwa kuwa mtoto anayetaka kujua nunda amefanya nini hatangoja tafsiri.

Mwombe bibi au babu atume hadithi kwa ujumbe wa sauti, dakika tano hadi kumi, si simu ya video. Kwenye video bibi huishia kuuliza "mmekula?" na wajukuu wakaishia kupunga mkono. Sauti pekee humwacha mtoto alale chini afumbe macho. Mwambie bibi aache nafasi baada ya kianzio, ili watoto waitikie huko huko waliko, na asijaribu kurahisisha lugha yake. Neno gumu wewe lieleze baadaye, kama ataliuliza. Na ujumbe huo uuhifadhi mahali pengine nje ya simu. Simu huibiwa, na sauti ya bibi haipatikani dukani.

Hujui hadithi hata moja?

Wengi mnajua zaidi ya mnavyodhani, ila mmesahau katikati. Piga simu kwa mtu mzima wa kwenu, muulize kisa kimoja tu. Ikishindikana, tunga usiku huu kwa hatua hizi:

1. Chukua mtoto mdogo kuliko wote nyumbani kwao, ambaye hakuna anayemtegemea.
2. Kipotee kitu, au kitu kiwe kinaliwa usiku: tende, mahindi, mbalamwezi.
3. Waende wakubwa wawili, washindwe kwa sababu ya ujinga wa aina mbili tofauti: mmoja alilala, mwingine alijisifu.
4. Aende mdogo, akutane njiani na mtu au mnyama anayeomba msaada na kila mtu akampita. Yeye asimpite.
5. Zimwi litokee. Lipe jambo moja tu la kutisha, na uliseme mara tatu: linanusa, au lina jino moja refu, au linajua majina ya watu wote.
6. Lishindwe kwa kitu kilichotajwa mwanzoni. Hapa ndipo watunzi wapya huanguka: wanaleta upanga wa ajabu dakika ya mwisho. Kama mdogo alitoka na kijiko, kijiko ndicho kifanye kazi.
7. Arudi nyumbani, ale. Watoto wanataka kujua alikula nini.

Ukikwama katikati, muulize msikilizaji: "Unadhani akafanyaje?" Chukua jibu lake hata kama ni la ajabu kuliko lako.

Ukimaliza atasema "tena", na kesho atataka hii hii. Hatakubali ukibadilisha jina la kijiji wala idadi ya meno. Kwa hiyo taa ikishazimwa, nenda ukaandike mahali majina uliyoyatunga.